Mji umetukuta shambani: tuandikeje historia ya familia isiyo na karatasi?

Mjukuu wa Mangamba

Wakubwa wote jamvini, shikamooni.

Familia yetu inalima mikorosho, mihogo na mbaazi nje kidogo ya Mtwara mjini, upande wa Mangamba, katika shamba lililofyekwa na wazazi wa bibi yangu mzaa mama. Bibi husema kwamba siku hizo mji uliojulikana ulikuwa Mikindani, na kwamba bandari ya Mtwara na reli ya Nachingwea vilikuja baadaye, kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951. Sisi hatukuufuata mji. Mji ndio uliotukuta shambani. Sasa wapima viwanja wameweka bikoni katika shamba la jirani, bibi amezeeka sana, na vijana wa ukoo hawajui hata makaburi yaliyo chini ya mwembe ni ya nani. Hatuna karatasi ya zamani hata moja, na bibi hajui mwaka aliozaliwa. Ninaomba kuelekezwa nianzie wapi kuandika habari hizi kabla hazijapotea.

Mwalimu mstaafu, Newala

Marahaba, mjukuu wangu. Usimuulize bibi mwaka, muulize tukio. Muulize alikuwa na umri gani kimbunga kilipopiga pwani ya Lindi mnamo Aprili 1952, kama alikuwa ameolewa treni ilipokuwa ikipita, kwa kuwa reli ile iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na alikuwa ananyonyesha mtoto yupi siku ya Uhuru. Mtu asiyejua tarehe hata moja anaweza kukupangia maisha yake yote kwa njia hiyo.

Kisha uliza kwa upole kuhusu Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976. Familia nyingi za huku zilihamishwa, zikaacha mikorosho mbali na makazi mapya, nayo ikamezwa na pori; ugonjwa wa ubwiriunga, ukungu unaoshambulia mikorosho, ukaongezea. Nchi ilikuwa imevuna takriban tani 145,000 za korosho msimu wa 1973/74, lakini msimu wa 1986/87 haikufikisha tani 20,000. Ndani ya anguko hilo kuna watoto walioacha shule na wajomba waliokwenda Dar es Salaam wasirudi, na nina hakika familia yenu pia ina watu wa namna hiyo. Mwombe bibi akupeleke mahameni, hata kama ni kwa kubebwa kwa pikipiki, kwa sababu mzee akisimama mahali nyumba ilipokuwa hukumbuka mambo ambayo akiwa barazani hayamjii.

Binti wa Kimwera, Lindi

Ndugu yangu, ninaongeza moja tu, nalo ni zito. Wamakonde, Wamakua, Wayao na sisi Wamwera tunahesabu ukoo kwa mama, lakini fomu za shule na za serikali zinaandika jina la baba na la babu. Ukifuata majina ya fomu, jina la tatu hubadilika kila kizazi, na baada ya vizazi viwili umempoteza bibi aliyefyeka shamba. Anza na mama, mama yake, na mama wa mama yake, kisha uandike wajomba pembeni yao. Kumbuka pia kwamba mtu mmoja anaweza kuwa na jina la utotoni, jina alilopewa jandoni au unyagoni, na jina la dini. Yaandike yote matatu, la sivyo utadhani ni watu watatu.

Jirani wa Mikindani

Karatasi huenda zipo, ila haziko kwenu. Ulizeni chama cha msingi cha ushirika kama wana madaftari ya zamani ya wakulima wa korosho, na fungueni masanduku ya wazee, maana stakabadhi za kodi ya kichwa na kadi za TANU zilihifadhiwa humo kama dhahabu. Kuhusu makaburi msichelewe: yahesabuni, yapigeni picha na kuandika kila jina, mkishuhudiwa na mwenyekiti wa mtaa. Ardhi ikitwaliwa, Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na itolewe kwa wakati, na uhamishaji wa makaburi una sheria yake ya mwaka 1969, lakini mthamini huandika anachoonyeshwa. Mimi nilishuhudia kaburi la mtoto likiachwa nje ya orodha kwa kukosa mtu wa kulitaja, na mama yake alikuwa hai.

Mjukuu wa Mangamba

Ninawashukuru sana, wazee wangu na dada yangu. Jana nilimuuliza bibi kuhusu kimbunga. Alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba usiku ule alikuwa na mtoto wake wa kwanza mgongoni, amejibanza ukutani na mama yake, na kulipokucha waliukuta mwembe wa uani umeng'oka. Mwembe huu tunaouona leo juu ya makaburi ulipandwa na mama yake baada ya hapo. Nimeliandika jina la mama huyo, na bibi amenitajia la mama yake pia. Kesho mjomba anatupeleka mahameni.