Usukani wa Volkswagen ya 1967 uliopasuka: nijaze nyufa na kupaka rangi, niuvishe ngozi, au nitafute mwingine?

Makupa67 (Mombasa)

Salaam kwenu nyote. Ninayo Volkswagen ya mwaka 1967 niliyoirithi kwa marehemu baba yangu, ambaye aliipenda aina hii tangu iliposhinda Safari Rally mwaka 1962, na mpaka leo inatembea vizuri. Kinachonisumbua ni usukani. Ni ule mweusi wa mikono miwili (ile inayounganisha duara na katikati) wenye nusu-pete ya honi, na umepasuka sehemu saba. Nyufa mbaya zaidi zipo pale duara linapokutana na mikono, na mbili kati ya hizo zimefunguka kiasi kwamba ncha ya kisu inaingia na chuma cha ndani kinaonekana kikiwa kimeanza kushika kutu.

Bajeti yangu haizidi shilingi 6,000 za Kenya, sina kompresa, na kazi yote nitaifanyia barazani nyumbani. Nimefikiria njia tatu: kujaza nyufa kwa epoksi (gundi ya kuchanganya inayokauka na kuwa ngumu) na kupaka rangi, kuuvisha ngozi, au kununua mwingine uliotumika. Ningependa duara libaki jembamba kama lilivyotoka kiwandani, kwa sababu wembamba ule ndio ninaoukumbuka mikononi mwa baba. Naomba ushauri wa waliokwisha kuifanya kazi hii kwa mikono yao.

Pijo404 (Nakuru)

Ndugu Makupa, pole kwa tatizo na hongera kwa kuitunza gari ya mzee. Nilitengeneza usukani wa Peugeot 404 yangu kwa njia ya kwanza, na baada ya miaka minne nyufa hazijarudi, kwa hiyo nitaitetea bila kusita.

Kwanza ni vyema kuelewa kwa nini usukani hupasuka. Plastiki hutanuka na kusinyaa kwa joto mara kadhaa kuliko chuma kilichomo ndani yake, na kadiri miaka inavyopita plastiki hukauka na kupungua huku chuma kikibaki na ukubwa ule ule. Plastiki haina pa kwenda, hivyo huachia mahali inapovutwa zaidi, yaani karibu na mikono. Ndiyo sababu kupaka gundi juu juu hakusaidii: ufa utafunguka tena jua la kwanza likipiga kioo cha mbele.

Njia inayodumu ni kuupanua ufa badala ya kuuficha. Chukua msumeno wa chuma au tupa ndogo ya pembe tatu, ukate kila ufa kwa umbo la herufi V mpaka ufikie chuma, hata kama ufa unaonekana mdogo. Kwangua kutu yote kwa brashi ya waya, osha kwa maji na sabuni ya vyombo, acha ukauke kabisa, kisha futa kwa spiriti. Usitumie thina kabla ya kuijaribu mahali pasipoonekana, maana baadhi ya plastiki za zamani hulainika na kunata zikiguswa nayo. Baada ya hapo jaza epoksi ile nzito ya sehemu mbili, uikandamize kwa nguvu isiache hewa chini, na uijaze kupita kimo cha plastiki, kwa sababu utaipunguza baadaye kwa msasa.

Tafadhali usishawishiwe kutumia fila ya bodi, hata kama fundi wa jirani atakuambia ni kitu kimoja. Fila imetengenezwa kwa ajili ya bati; ndani ya ufa wa usukani unaoshikwa na kuvutwa kila siku, huvunjika pembeni na kuachana na plastiki. Mimi nilianza nayo, na nililazimika kuichimbua yote.

Epoksi iache saa 24 kabla ya kuigusa. Anza na msasa namba 80, halafu 180, kisha 320. Kwa upande wa nyuma wenye mawimbi ya vidole, zungushia msasa kwenye kipande cha mpira wa maji ili ufuate mviringo, la sivyo utayafuta mawimbi hayo na usukani hautakuwa ule ule tena. Piga praima nyepesi: itakuonyesha mashimo madogo ambayo jicho halikuyaona. Yajaze, sugua tena, na usichoke, kwa maana mimi nilirudia mara tatu. Kuanzia epoksi, msasa, praima, rangi hadi ile ya kung'arisha juu, nilitumia chini ya shilingi 4,000.

UziNaSindano (Dar es Salaam)

Habari zenu. Mimi ni fundi wa viti vya magari, na nimevisha usukani wa magari mengi ngozi, kwa hiyo kaka Makupa utaniwia radhi nikiisemea njia ya pili. Faida yake ni kwamba haihitaji rangi, haitelezi mkono ukitoa jasho, na kazi yake ni ya siku mbili badala ya wiki mbili.

Tumia ngozi laini ya unene wa milimita moja hivi. Ikizidi hapo haitakubali kukunjwa penye mikono. Viringisha duara kwa nailoni nyembamba ya jikoni, bandika tepu ya karatasi juu yake, kata kwa wembe upande wa ndani, na hiyo ndiyo patani yako. Punguza milimita chache kwenye upana, kwa sababu ngozi hutanuka, nayo lazima ivutwe ndipo ishike. Usukani wa kipenyo cha sentimita 40 una mzingo wa karibu sentimita 126, na ukitoboa kila baada ya milimita tano utapata matundu 250 kila upande. Uzi uwe wa nailoni au poliesta uliotiwa nta, usiwe wa pamba, kwani pamba huozeshwa na jasho. Shona kwa sindano mbili kwa wakati mmoja, na uanzie penye mkono mmoja, si katikati.

Hata hivyo lazima niseme ukweli mbele ya mwenye gari: ngozi itaongeza unene, na duara la Volkswagen ya miaka hiyo ni jembamba kiasi kwamba tofauti utaihisi. Aidha, ngozi haiponyi ufa. Wapo wanaoivisha juu ya nyufa zilizo wazi, na baada ya muda jasho hupenya kwenye mshono likakitafuna chuma mahali pasipoonekana na mtu. Ukichagua ngozi, nyufa zijazwe kwanza kama alivyoeleza ndugu Pijo.

LandiYaArusha

Kuhusu njia ya tatu nitasema machache. Nilinunua usukani uliotumika kwa ajili ya Land Rover Series IIA, muuzaji akaniapia kwamba ni wenyewe. Nilipofika nyumbani, meno ya katikati hayakulingana na ya mhimili wangu, na fedha hazikurudi. Jambo la pili ni kwamba usukani mkuukuu wa umri ule ule una ugonjwa ule ule: ule niliokuja kuupata baadaye, wenye meno sahihi, ulikuwa na nyufa nne badala ya sita. Mpya kutoka ng'ambo upo, lakini kwangu nauli na ushuru vilizidi bei ya usukani wenyewe. Kwa shilingi 6,000, Makupa, njia hiyo iondoe katika hesabu.

MekanikaMstaafu (Tanga)

Nimewasoma wote kwa makini, na ninakubaliana na Pijo, lakini naona mmezungumza juu ya ngozi na rangi kabla ya kuzungumza juu ya chuma. Usukani ni kiungo cha usalama. Baada ya kuzifungua nyufa, kagua pete ya chuma mzunguko mzima, na hasa mahali mikono ilipochomelewa. Kutu ya juu inakwanguka na haina neno. Chuma kikiwa kimeliwa hadi kupungua unene, au weldi ikiwa na mstari wa ufa, kazi iishie hapo na usukani usirudi kwenye gari, hata ukiwa umeng'aa namna gani. Na kwa wasomaji wenye magari ya miaka ya tisini na kuendelea, yenye mfuko wa hewa katikati ya usukani, nawasihi wasiuguse kwa kufuata maelezo ya hapa.

Kuhusu kuutoa: chomoa kwanza waya wa betri, ambayo kwenye gari lako iko chini ya kiti cha nyuma. Nyoosha magurudumu ya mbele na uweke swichi ya indiketa katikati, kisha ondoa kifuniko cha honi na waya wake. Tia alama moja inayopita kwenye mhimili na kwenye usukani, ili urudi pale pale ulipokuwa. Legeza nati, lakini usiitoe yote. Iache imeshika nyuzi chache, ndipo uvute usukani huku ukiuyumbisha kushoto na kulia. Usukani ulioganda huachia ghafla, na nimewahi kumwona kijana akivunjika jino kwa sababu nati alikuwa ameshaiweka mfukoni. Usipige mhimili kwa nyundo, kwani utaumiza beringi. Wakati wa kurudisha, indiketa iwe katikati tena, maana kile kidole cha kuirudisha huweza kuvunja swichi, na nati ikazwe kwa kipimo cha kitabu cha gari.

Makupa67 (Mombasa)

Nawashukuru sana. Dada fundi, nimeithamini zaidi kauli yako kwa kuwa umeisema kinyume na kazi yako mwenyewe. Nimeamua kujaza na kupaka rangi. Nimeutoa usukani jana kama mzee wa Tanga alivyoelekeza, na chuma ni kizima. Kutu ilikuwa ya juu tu. Limebaki swali la rangi: je, nitumie ya kopo la kupulizia, au ile ya sehemu mbili yenye kigumishi?

Pijo404 (Nakuru)

Ya sehemu mbili ni ngumu zaidi na haijali jasho, lakini mvuke wake una kemikali zinazodhuru mapafu, na barakoa ya kawaida haizizuii. Usiipulize barazani penye watoto. Mpelekee fundi wa kupaka rangi magari siku anayopiga gari jeusi, umwombe akupitishie usukani mwishoni. Kwangu alitoza kidogo, kwa kuwa bunduki tayari ilikuwa na rangi. Ukitumia ya kopo, piga tabaka nyembamba nyembamba, kisha usiutumie usukani kwa wiki mbili, kwa sababu rangi hiyo ikishikwa mapema hunata na kuacha alama za vidole. Kwa hali ya hewa ya Mombasa, puliza saa nne asubuhi siku kavu ya kaskazi, si jioni, maana unyevu hugeuza rangi nyeusi kuwa na ukungu mweupe. Iwapo dashibodi yako hupakwa mafuta ya kung'arisha, osha usukani mara mbili kabla ya praima. Mafuta hayo hufanya rangi ijikunje na kuacha vijishimo. Na uyafunike kwa tepu meno ya katikati pamoja na mahali honi inapogusia, kwa sababu rangi ikiingia hapo honi haitalia.

Makupa67 (Mombasa)

Narudi baada ya wiki tano. Nilirudia kujaza mara nne, na rangi nilipigiwa na fundi wa Changamwe pamoja na boneti ya gari jingine. Jumla nimetumia shilingi 5,150. Ukiutazama chini ya mwanga wa jua la saa kumi, ufa mmoja karibu na mkono wa kulia bado unaonekana kama kivuli chembamba, nami nimeamua kuuacha. Indiketa inarudi yenyewe na honi inalia. Mama alikaa kwenye kiti cha dereva, akashika duara kwa mikono miwili, akapitisha kidole gumba kwenye mawimbi ya nyuma, kisha akaniuliza kama huu ni ule ule.