Rola ya vipande vitatu, skeli 1:16: washa, vizibo, kerezo au printa? Na nitaifikishaje Arusha kutoka Moshi?

Chuma_wa_Rau

Wakuu, habari za jioni. Niko Moshi, natengeneza modeli za zana za kilimo. Trekta ninayo tayari, ya mbao, mfano wa Massey 290, skeli ya 1:16, yaani kitu halisi ni mara 16 ya modeli. Sasa nataka iburute rola. Siyo ile ya pipa moja, bali ile ya pete za chuma inayopitishwa kushindilia udongo kwenye mashamba ya ngano na shayiri baada ya kupanda: kipande kimoja mbele katikati, viwili nyuma kushoto na kulia. Inakwenda maonyesho ya Nane Nane, viwanja vya Themi, Arusha, kwenye banda la vijana.

Kwa upande wa pete nina njia nne: washa za chuma (vile visahani vyenye tundu vinavyokaa chini ya nati), vizibo vya soda, mbao ya kukereza, au printa ya 3D. Halafu kuna usafiri, na huo nina maana mbili. Kwanza modeli ijikunje kama rola halisi inavyojikunja ikiingia barabarani. Pili, mimi mwenyewe niifikishe Themi ikiwa nzima, na gari sina. Naomba majibu ya waliowahi kushika, siyo "inategemea".

Njiro_Gia

Washa, mkuu. Nenda duka la bolti na nati, omba washa pana, zile za madigadi. Pana ya M12, yaani ya bolti ya milimita 12, ina milimita 37 kwa nje na tundu la 13. Pana ya M10 ina 30 na tundu la 10.5. Shafti iwe rodi ya nyuzi ya M10, kisha panga kubwa, ndogo, kubwa, ndogo mpaka mwisho. Ile 37 ukizidisha kwa 16 unapata sentimita 59, pete ya inchi 23 na kitu. Saizi halali kabisa.

Utamu wenyewe uko kwenye matundu. Washa ndogo inakaa kwenye rodi karibu bila kucheza, kubwa inabaki na nafasi ya milimita 3. Mwaga mchanga kidogo mezani uivute taratibu, utaona kila pete kubwa inapanda na kushuka kivyake, na udongo unaokwama katikati unasuguliwa unatoka.

Ubaya ni uzito. Jozi moja ni gramu 34 hivi. Kipande cha sentimita 15.5 kinakula jozi 28, karibu kilo nzima, kwa hiyo vipande vitatu ni kilo tatu kabla hujaweka fremu. Kwenye mteremko rola itaivuta trekta yako ya mbao.

Kizibo_kwa_Mangi

Wakubwa mnapenda kununua 😂 Kizibo cha soda kina milimita 32 ukipima meno kwa meno. Mara 16 ni sentimita 51, yaani inchi 20. Kimo chake milimita 6, yaani sentimita 9.6 kwa uhalisia. Na meno 21 kiwanda kimeshakuchongea. Vizibo 26 kwa kipande, 78 kwa vyote, bure kwa mangi yeyote, na havifiki robo kilo.

Angalizo moja: ukivipanga hivi hivi vinaingiana kama vikombe, rola inakuwa fupi na imepinda. Kata visahani kwenye ndala iliyokufa, jaza kila kizibo mpaka usawa wa meno. Toboa katikati kwa msumari, kutoka ndani kwenda nje. Shafti tumia kijiti cha kuchomelea cha milimita 3.2, gonga ule unga wake wote utoke kwanza.

MamaShayiri

Vijana, kabla hamjaendelea. Nimekaa miaka mingi kwenye mashamba ya West Kilimanjaro na rola hizi nimezipaka grisi kwa mikono yangu. Kitu ambacho watoto hukosea kwenye modeli ni kugundisha pete kwenye shafti. Pete za Cambridge (ni kwa jina la William Cambridge, fundi wa Uingereza, miaka ya 1840) kila moja inazunguka peke yake. Trekta ikikata kona, pete ya nje inakimbia na ya ndani inajivuta. Zikifungwa pamoja zinaburuza udongo na kuifukua mbegu uliyotoka kuipanda. Mkulima yeyote akisimama mbele ya banda lako atainama asukume pete moja kwa kidole. Ikigoma, ameshakujua.

Kwa hiyo mwanangu Chuma, chagua chochote, ila pete ziwe huru.

Na huyu wa vizibo nampa haki yake, lakini nusu. Meno kama yale ni ya pete za Crosskill, za kuvunja madongo. Rola ya Cambridge tupu ina pete zenye mgongo mmoja uliochongoka, haina meno. Zipo zilizochanganywa, laini moja na ya meno moja, ila vizibo vitupu kuanzia mwanzo hadi mwisho ni mashine nyingine.

Mzee_wa_Kerezo

Mbao mnaipita kimya kwa sababu mnadhani nitakereza gogo moja refu lenye mifereji. Hapana. Kata visahani vya plaiwudi ya milimita 6, toboa vyote tundu moja, vikaze kwenye bolti ndefu kati ya nati mbili, kisha kereza vyote kwa mkupuo mmoja. Chonga kila kimoja mgongo wake. Ukifungua nati unazo pete 26 sawasawa, kila moja huru, na sura ya Cambridge kabisa. Usikate visahani kwenye fimbo ya grevilea au msindano. Kisahani chembamba kilichokatwa kukingama nyuzi za mti kinapasuka ukikitazama tu.

Njiro_Gia

Shikamoo mzee. Swali langu: plaiwudi si nyepesi mno? Juu ya meza ya banda itateleza badala ya kuzunguka.

Mzee_wa_Kerezo

Marahaba. Juu ya kioo itateleza. Juu ya trei la mchanga itazunguka. Atakayeonyesha rola juu ya kioo ana shida kubwa kuliko plaiwudi.

Data_Sakina

Printa nitaisema kwa kifupi kwa sababu ninayo. Sura ya pete inatoka vizuri kuliko njia zote hapo juu. Lakini pete 78 ni muda mrefu wa mashine na umeme ukikatika katikati unaanza upya. Plastiki ya PLA nayo inaanza kulegea kwenye nyuzi joto 60 hivi, kwa hiyo usiiache nyuma ya kioo cha gari lililoegeshwa juani. Mimi ningechapa mabano ya fremu na rimu za matairi ya usafiri, pete ningemwachia mzee.

Chuma_wa_Rau

Asanteni sana. Mama, shikamoo, hilo la kidole limeniingia. Sasa kwenye kujikunja: mabawa yanayokunjwa kwa haidroliki, au ule mtindo wa zamani wa kufungana mkia kwa mkia?

MamaShayiri

Marahaba mwanangu. Mtindo wa zamani uko hivi. Chini ya kila kipande kuna matairi mawili madogo. Unayashusha, pete zinainuka kutoka ardhini, kisha kipande kinavutwa kwa ubavu, kimoja nyuma ya kingine. Shambani ukiwa na upana wa zaidi ya mita 7, barabarani unakuwa treni nyembamba ya mita moja na kidogo, lakini ndefu. Inachosha kuifunga, hasa jioni mmeshachoka na pini moja imepotelea kwenye mabua.

Ya haidroliki mtu hashuki kwenye trekta. Anavuta lever, mabawa yanafunga, uzito wote unalalia matairi ya kipande cha katikati.

Njiro_Gia

Na hapo ndipo uchaguzi wa pete unapojiamua. Kilo tatu za washa juu ya matairi mawili ya modeli na bawaba mbili za pini ya milimita 3? Bawaba zitalegea, mabawa yataning'inia, na kitu cha kwanza watu watakachoona ni kuning'inia. Ukitaka mabawa, nenda plaiwudi au vizibo. Ukitaka chuma, nenda treni, kwa sababu kila kipande kinabeba kilo yake kwenye matairi yake.

Kizibo_kwa_Mangi

Mabawa bwana. Nane Nane watu wanataka kuona kitu kinajikunja.

Mzee_wa_Kerezo

Wanataka kushika. Chuma kinashikika.

Noah_ya_Boma

Mimi wa barabarani, modeli siijui ila Moshi–Arusha ni kilomita 80 na naipita kila siku. Usiitume kama kifurushi peke yake. Utakabidhi boksi limeandikwa "angalia", likifika Boma Ng'ombe lina gunia la viazi juu yake, na hakuna utakayemlaumu. Panda nayo. Modeli ya mbao ipakate, ya chuma iweke sakafuni kati ya miguu, siyo kwenye keria. Na matuta ya Usa River na Tengeru usiyachukulie poa, kila tuta nati inazunguka kidogo.

Njiro_Gia

Ndiyo maana mwisho wa rodi weka nati mbili zilizokazana, au nati ya nailoni. Ya kawaida ikiwa peke yake, ukifika Njiro washa zote ziko chini ya boksi.

Chuma_wa_Rau

Nimeamua. Washa, na mtindo wa treni. Vikiwa mkia kwa mkia ni sentimita 60 pamoja na mikono ya kuvutia, na boksi nililonalo ni la 50, kwa hiyo mikono nitaifunga kwa pini za kuchomoa. Kila kipande nitakikaza kwa bolti kwenye ubao wake mwenyewe, nikifunge sponji ya godoro na mpira wa tyubu. Trekta boksi lake tofauti, isikae na chuma. Mama, fremu nipake rangi gani, na pete je?

MamaShayiri

Fremu rangi yoyote, za kwetu zilikuwa za bluu na hakuna aliyekumbuka kuzipaka tena. Pete usipake kabisa. Udongo unazisugua mpaka zinang'aa pale kwenye mgongo, na pembeni zinabaki na kutu. Washa zako zina mng'ao wa dukani mwili mzima, kwa hiyo ziloweke kwenye siki usiku kucha huo mng'ao utoke, ziache nje zishike kutu, halafu piga msasa ukingo wa nje tu.

Kizibo_kwa_Mangi

Na vizibo je, mama?

MamaShayiri

Vizibo toa kwanza jina la soda. Hakuna shamba nililoona limepitishiwa rola yenye tangazo.