Majirani Migosi: nani amemwaga kahawa kwenye sinki?

Baba Neema (msimamizi), 9:12 asubuhi: Habari za asubuhi majirani. Fundi amefungua bomba la nyuma na kutoa tope jeusi karibu nusu ndoo. Halinuki choo wala samaki. Linanukia kahawa. Nauliza kwa upole tu, kwenye hii ploti nani anakunywa kahawa?

Mama Akoth: Kwangu ni chai ya maziwa tangu niolewe. Na hiyo "wala samaki" nimeiona, najua inaelekezwa wapi 😂

Nyumba 5: Mimi hunywa, lakini ile ya kopo, kijiko kimoja kwenye maji moto. Hiyo inayeyuka yote. Haiachi kitu.

Baba Neema: Basi amebaki mmoja. Kevo, naona umesoma.

Kevo: Ni mimi wazee wangu. Samahani sana. Pale mkahawani kazini machicha ya kahawa hutupwa ndoo nzima kila jioni, nikaona ni hasara. Huwa naleta kidogo nisugulie masufuria. Yanatoa ukoko wa ugali kuliko waya. Nikimaliza nasuuza tu kwenye sinki.

Baba Neema: "Nasuuza tu." Fundi ametaka 1,500.

Mwalimu Wafula: Kevo mwanangu, machicha hayayeyuki. Yanateremka na maji mpaka pale bomba linapokunja, yanakuta mafuta ya kupikia yameganda, yanashikana nayo. Kusugulia si kosa. Pangusa sufuria kwa gazeti kwanza, machicha yaende kwenye takataka au shambani, halafu maji ya kusuuza umwage nje.

Kevo: Sawa Mwalimu.

Mwalimu Wafula: Na usiguse nayo kikaango kile kisichoshika chakula. Yanakwaruza.

Shiru Nyumba 3: Ooh, kumbe ni hayo ndiyo yaliyoniharibia kikaango 😭 Kevo alinipa mkebe mwezi uliopita. Nikaweka mengine kwenye friji eti yanaondoa harufu ya vitunguu. Baada ya siku chache yameota ukungu mweupe kama manyoya ya paka.

Kevo: Shiru, uliyaweka mabichi?

Shiru Nyumba 3: Nilijuaje?

Kevo: Yaanike kwanza. Tandaza kwenye gazeti, jua la Kisumu hili, siku moja au mbili. Yakiwa makavu kabisa na kutiririka kama mchanga, ndiyo unaweka kwenye bakuli wazi ndani ya friji. Hata kwenye viatu vya mvua, weka kwenye soksi kuukuu, funga, lala nayo usiku ndani ya kiatu.

Nyumba 5: Ulale na soksi ndani ya kiatu?

Kevo: Soksi ndiyo ilale 😂

Mama Akoth: Kevo, hayo makavu unayo sasa hivi? Nimeparua ngege tangu saa kumi na moja alfajiri. Mikono hii nimeosha kwa sabuni, nimeosha kwa ndimu, bado mtoto ananiuliza tunakula nini leo.

Kevo: Nakuja mlangoni Mama. Hata mabichi yanafaa kwa mikono. Kijiko kimoja, sabuni kidogo, sugua mpaka katikati ya vidole, suuza kwenye beseni. BESENI.

Baba Neema: Ameanza kuelewa.

Mama Akoth, 9:41 asubuhi: Jamani. Paka wa ploti amenipita hakusimama. Kila siku hunifuata mpaka jikoni.

Shiru Nyumba 3: Mimi bado nina deni na hayo machicha. Niliwauliza nyumbani Nakuru, nikaambiwa ni mbolea. Nikajaza debe, machicha matupu, nikapanda dania. Wiki tatu hakuna hata moja iliyochomoza.

Mwalimu Wafula: Hapo uliinyima mbegu nafasi. Kafeini, ile inayomkesheza mtu, haiishi yote kwenye kikombe, nyingine inabaki kwenye machicha, na miche michanga haiipendi. Mti wa kahawa wenyewe umejiwekea hiyo kafeini kama silaha.

Mwalimu Wafula: Tena machicha matupu yakikauka juu ya udongo yanafanya gamba. Ukinyunyiza maji yanateleza pembeni, mmea unakufa kiu huku unamwagilia.

Nyumba 5: Ndiyo maana sukuma ya gunia pale nyuma imenyong'onyea!! Kevo alimwaga juu inchi mbili nzima.

Kevo: Nilisoma kwamba yana naitrojeni, chakula cha mimea.

Mwalimu Wafula: Yanayo, kama asilimia 2 hivi. Lakini si ya kuliwa leo, mpaka wadudu wa udongo wayavunje kwanza. Toa hilo gamba, changanya kwenye lundo la mboji. Majani makavu, maganda ya ndizi, mabaki ya sukuma, machicha yasizidi sehemu moja kwa tano. Geuza kila wiki. Minyoo watakuja wenyewe, wanayapenda kuliko sisi.

Shiru Nyumba 3: Na si ni asidi? Niliambiwa yanachachua udongo.

Mwalimu Wafula: Asidi nyingi inaondoka na maji ya kahawa, umeshainywa. Yaliyobaki yako karibu na katikati. Mimi nimezaliwa Kimilili kwenye kahawa, baba aling'oa mingine akapanda aina ya Ruiru 11, ndugu yangu sasa ana aina ya Batian. Na hadi leo nyumbani kwetu mgeni anapewa chai.

Mama Akoth: 😂😂 Kweli kabisa. Inauzwa yote inaenda kwa wazungu.

Nyumba 5: Mimi nilisikia ukiyachoma kama udi mbu wanakimbia.

Mwalimu Wafula: Moshi wowote mzito unawasumbua mbu kidogo, na wewe pia. Lala ndani ya neti.

Baba Neema: Jambo moja kabla sijasahau. Mbwa wetu Simba alikuwa anachimba kwenye hilo gunia jana. Kafeini ni sumu kwa mbwa. Kevo, ndoo yako iwe na kifuniko.

Kevo: Itakuwa nacho leo leo.

Mama Akoth: Mimi natenga mkebe wangu. Kila jioni Kevo ujaze.

Shiru Nyumba 3: Nami, ila yakiwa makavu tafadhali.

Baba Neema: Jumamosi saa mbili tunaanza lundo nyuma ya tangi, kila nyumba ilete majani makavu. Ile 1,500: Kevo atatoa 700, iliyobaki tutagawana kwa sababu mafuta kwenye bomba hayakuwa ya Kevo peke yake.

Nyumba 5: Mimi sikaangi.

Baba Neema: Jana jioni ploti nzima ilinusa mandazi yako.