Wosia wa dadangu umeshindwa na fomu ya 2007!

Wadau, wiki tatu nimelimeza hili na sasa limenishinda.

Dadangu alifariki mwezi wa tatu. Alikuwa muuguzi, ameacha watoto watatu, mkubwa yuko sekondari. Wosia aliandika vizuri kabisa mbele ya mashahidi wawili: alicho nacho chote ni cha watoto, mimi nisimamie. Nikaenda kwenye SACCO yake na wosia mkononi. Karani akafungua faili, akanigeuzia fomu ya 2007, mwaka aliojiunga. Mwandiko wake mwenyewe, kalamu ya buluu. Mteule, yaani mtu wa kulipwa akiba yake akifa, ni mwanamume aliyekuwa naye wakati huo, wakaachana kabla hata hajapata mtoto. Penye "uhusiano" ameandika "mchumba". Sh640,000, na yule bwana ameshalipwa! Saruji ya kaburi haijakauka.

Wakili akaniambia wamefuata sheria. Kifungu cha 39 cha Sheria ya Vyama vya Ushirika ya Kenya kinasema mwanachama akifa, hisa zake na haki zake huenda kwa aliyemteua; kama hakuteua mtu ndipo huenda kwa msimamizi wa mirathi. Mahakama Kuu nayo imeshaamua zaidi ya mara moja kwamba pesa zenye mteule haziingii kwenye mirathi. Wosia hugawa mirathi, hivyo pesa hizi hauzigusi. Pensheni pia iko nje ya mirathi. Wadhamini wa mfuko ndio hulipa kwa kanuni zao.

Nikasema basi, angalau benki. Huko, penye "jamaa wa karibu", aliandika jina la binti yake mkubwa. Nikashukuru Mungu. Yule dada wa kaunta akanitazama: "Huyo ni wa kupigiwa simu tu, kaka. Leta hati ya mahakama." Kwa Sh71,000! Sasa ni ombi mahakamani, tangazo kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, siku 30 za kungoja pingamizi, na hati ikitoka ni miezi sita mingine kabla ithibitishwe ndipo nigawe. Mwalimu mkuu anataka karo sasa hivi.

Yaani mtu ajaze fomu mbili zinazofanana, huku jina libebe kila kitu, kule lisibebe chochote, na asipatikane hata mmoja wa kumweleza?

SACCO ndiyo inayoniuma zaidi. Walimkata mshahara kila mwezi miaka yote hiyo. Kila mkutano mkuu wa mwaka soda na kalenda. Alipoomba mkopo walidai upya kitambulisho, hati ya mshahara na sahihi za wadhamini, kwa sababu hapo pesa ni zao. Kuhusu mteule wake hawakumuuliza hata siku moja, na kumbadilisha ni karatasi moja tu! Meneja ananiambia ni jukumu la mwanachama. Mwanachama alijua wosia wake umemaliza kila kitu. Nani alimwambia vingine?

Nataka kila SACCO ilazimishwe kumwonyesha mwanachama jina la mteule wake kila mwaka, pale pale kwenye taarifa ya akiba.

Kuna yeyote hapa aliyepinga malipo ya mteule kwenye Mahakama ya Vyama vya Ushirika? Ilichukua muda gani, na ulitumia pesa ngapi? Naomba anijibu hapa hapa.