Tangi la mbele linajaa lenyewe hadi linamwaga dizeli

Msafiri_Mizigo: Habari wakuu. Nina lori dogo la dizeli lenye matangi mawili na swichi ya kuchagua tangi pale kwenye dashibodi. Nikiweka tangi la nyuma, gari linatembea vizuri tu, lakini la mbele linaanza kujaa lenyewe hadi dizeli inamwagika kwenye kifuniko. Fundi anasema ninunue swichi mpya. Kweli tatizo ni swichi?

Fundi_Chesisi: Usinunue swichi kwanza, kaka. Hiyo ya dashibodi haipitishi hata tone la mafuta. Kazi yake ni kupeleka umeme kwenye valvu iliyofungwa kwenye chesisi, ambayo ina mota ndogo. Ukigeuza swichi, chanya na hasi zinabadilishana na mota inazunguka upande wa pili.

Chungulia hiyo valvu uhesabu mipira: kwa kawaida ni sita. Miwili inaleta mafuta kutoka matangini na mmoja unayapeleka injini. Mitatu iliyobaki ni ya ritani: mmoja unatoka injini, miwili inarudi kwenye matangi. Watu wengi husahau hii ya ritani, na shida yako iko hapo. Pampu ya dizeli huvuta mafuta mengi kuliko yale injini inayounguza. Yanayobaki lazima yarudi. Wewe unavuta nyuma, yanarudi mbele.

Naomba unijibu mawili. Ukiweka tangi la mbele, la nyuma nalo linajaa? Na kuna mtu aliyefungua mipira hiyo karibuni?

Msafiri_Mizigo: Hapana, nikiweka la mbele kila kitu ni sawa. Mipira haijaguswa tangu ninunue gari.

Fundi_Chesisi: Basi ni valvu. Mipira ya ritani ingekuwa imepishanishwa, kila tangi lingejaza mwenzake. Lako linakosea upande mmoja tu, maana yake sehemu ya ritani ndani ya valvu imekwama upande wa mbele, au mpira wake wa kuziba umekwisha. Umeme hauna kosa: kama usingefika, mota isingezunguka kabisa na ungeendelea kuvuta mbele hata ukichagua nyuma.

Swichi ikifa kweli utaijua. Washa ufunguo bila kuwasha injini, geuza swichi, mwenzako asikilize chini ya gari. Valvu nzima inatoa mlio mfupi wa mota. Ikiwa kimya, chomoa plagi yake uweke testa. Umeme upo? Valvu imekufa. Haupo? Rudi kwenye fyuzi, swichi na waya wa arthi; huo wa arthi huliwa sana na kutu. Geji isikudanganye, magari mengine hubadilisha geji palepale kwenye swichi, mshale unasogea huku valvu imelala.

Petroli_Tu: Kwa wenye petroli yenye pampu ndani ya kila tangi, mara nyingi hakuna valvu ya mota. Swichi inachagua pampu ya kuwasha, na valvu ya kuzuia mafuta yasirudi imo humo tangini. Ikichoka, dalili ni hiyohiyo.

Msafiri_Mizigo: Nimeelewa, asanteni sana. Wakati natafuta valvu nitumie la mbele tu?

Fundi_Chesisi: Ndiyo, la mbele tu. Siku ya kubadilisha, funga alama kwenye kila mpira kabla ya kuuchomoa, kisha utoe upepo kwenye mfumo, la sivyo injini itawaka na kuzima.