Nukta za kaboni zinazimika hata kwa maji ya kisima kisicho na zebaki

KuvetiSafi:
Wakuu, msaada. Napima zebaki kwenye maji kwa nukta za kaboni, yaani chembe ndogo mno za kaboni zinazong'aa zikimulikwa na kuzimika zikikutana na zebaki. Nukta zimepikwa kwa gramu 1.05 za asidi ya sitriki na mikrolita 335 za ethilinidiamini kwenye mililita 10 za maji, nyuzi 200 kwa saa 5, kisha dialisisi (kusafisha kwa utando). Nikizimulika kwa nanomita 360 zinatoa bluu kali karibu na 443. Kwa stendadi, yaani maji yenye kiasi kinachojulikana cha zebaki, mstari wa kipimo umenyooka. Ila maji ya mabwawa ya kuoshea dhahabu Geita yanazizima, na ya kisima kilicho mbali na machimbo yanazizima karibu vilevile! Bafa, yaani kimiminika cha kushikilia pH, ni PBS (ya fosfati na chumvi), na sampuli zilitiwa asidi ya nitriki palepale, bila kuchujwa.

MchangaMwekundu:
Hapo unapima chuma, mkuu. Chembe za udongo mwekundu zimebaki ndani ya chupa, asidi ikaziyeyusha, ukapata Fe³⁺ (ioni za chuma) tele. Nayo inazima nukta hizi kama zebaki, tena inafyonza mwanga wa 360 kabla haujazifikia. Chuja kwa mikromita 0.45 KABLA ya asidi. Kwenye kuveti (kichupa cha kupimia), ufyonzaji wa 360 ukizidi 0.1, zimua.

Kuhakikisha: gawa sampuli mara mbili, moja itie sodiamu floridi ifikie milimola 10, subiri dakika 5. Floridi inakamata chuma, zebaki inaiacha. Mng'ao ukirudi, jibu unalo. Maji magumu yatafanya ukungu mweupe wa kalsiamu floridi. Huo unatawanya mwanga, usiupime.

Bafa_na_Pipeti:
Naongezea kabla mtu hajaumia: floridi haitiwi kwenye sampuli yenye asidi kali. Inazaa asidi ya haidrofloriki, inayopenya ngozi na kula kioo. Pandisha pH hadi 5 kwa sodiamu haidroksaidi, tia floridi mara moja, ndipo umalizie 7. Ukiruka moja kwa moja hadi 7, chuma kinaganda kama kutu na kuzama na zebaki yako.

PBS achana nayo. Ina takriban milimola 137 za chumvi ya mezani, na kloridi inaishika zebaki isiguse nukta. Bafa ya HEPES ya milimola 10 inatosha. Blanki (sampuli isiyo na zebaki) nayo ipitie asidi, floridi na kila kitu kilekile, maana nukta zenyewe hubadilika mng'ao kwa pH.

KuvetiSafi:
Floridi imerudisha karibu mng'ao wote wa kisima. Bwawa limerudi nusu tu. Naweza kuandika kwamba nusu isiyorudi imezimwa na zebaki?

MchangaMwekundu:
Bado. Shaba nayo huzima, na mboji pia inafyonza mwanga. Ongeza kiasi kinachojulikana cha Hg²⁺ (ioni za zebaki) ndani ya maji yaleyale ya bwawa, mara tatu au nne, uone kama mteremko wa mstari unalingana na wa stendadi. Usipolingana, soma jibu kwenye mteremko wa bwawa.

Na angalia kikomo, yaani kiasi kidogo kabisa unachoweza kukiona: pima blanki mara 10, zidisha mchepuko sanifu kwa 3, gawa kwa mteremko. Mwongozo wa WHO kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 6 kwa lita, yaani nanomola 30 hivi; nukta tupu mara nyingi hazifiki huko. Ukitaka kushuka, unganisha DNA yenye thaimini (herufi T ya DNA) nyingi, kwa kuwa Hg²⁺ hujipachika katikati ya thaimini mbili.

Bafa_na_Pipeti:
Halafu zebaki wanayomwaga wachimbaji ni ya metali. Nukta zinaona ioni tu, kwa hiyo bwawa linaweza kusoma chini huku matone yamelala kwenye tope. Tope lipimwe peke yake, kwa njia ya mvuke baridi, ambapo zebaki hugeuzwa mvuke bila moto ndipo ipimwe.