Mazoezi ya aina za shoti kwa mwanafunzi wa filamu: nianzie wapi?

Swali

Ndugu zangu, mimi ni mwanafunzi wa utengenezaji wa filamu. Shoti za msingi (vipande vya video vinavyopigwa bila kukatiza) nazifahamu kwa majina, yaani ya mbali, ya kati, ya karibu na ya karibu sana, na nikionyeshwa picha naweza kuitaja aina yake bila kusita. Hata hivyo, nikitoka na kamera na kupiga moja ya kila aina, kila shoti hupendeza ikiwa peke yake, lakini nikiziunganisha katika uhariri hazishikamani. Ni mazoezi gani yatakayonifundisha kuchagua shoti, na si kuitambua tu? Ninayo kamera yenye lenzi moja ya milimita 50, stendi, na rafiki aliye tayari kuigiza.

Jibu la kwanza

Ndugu mwulizaji, usipige shoti kwa kufuata orodha. Chagua tendo dogo lenye mwanzo na mwisho, kwa mfano mtu anaingia chumbani, anaona barua mezani, anaifungua na kuisoma, kisha umwombe rafiki yako alirudie lote kwa kila ukubwa wa shoti, akiishika barua kwa mkono ule ule kila mara. Ukikaa kuhariri utaweza kukata popote, na kila unapotaka kukata itakubidi ujiulize mtazamaji anahitaji kujua nini wakati huo. Shoti ya mbali humwonyesha mhusika yuko wapi. Ya kati huonyesha mwili na mikono ikifanya kazi. Ya karibu humwondolea mtazamaji chumba kizima na kumwachia uso.

Tengeneza toleo moja linaloanza na chumba, na jingine linaloanza na vidole vinavyopasua bahasha huku uso ukifichwa hadi mwisho. Tendo halitabadilika, lakini katika toleo la pili mtazamaji atakuwa anasubiri kumwona msomaji. Kwa maoni yangu zoezi hili moja, likirudiwa kwa matendo tofauti, lina faida kuliko kukariri majina yote yaliyomo vitabuni.

Lenzi yako moja isikusikitishe. Ukitaka shoti ya karibu utalazimika kusogea, nawe utaona kwamba umbali wa kamera ndio unaoamua jinsi uso unavyoonekana. Ndiyo maana lenzi pana (inayoonyesha eneo kubwa) iliyosogezwa karibu mno huikuza pua.

Jibu la pili

Nakubaliana na mwenzangu, ila naongeza sababu za kiufundi zinazofanya shoti zisishikamane. Ukikata kutoka shoti moja hadi nyingine ya mhusika yule yule, badilisha ukubwa waziwazi na uisogeze kamera kumzunguka mhusika kwa nyuzi 30 au zaidi, kwa kuwa badiliko dogo mno huonekana kama picha imeruka. Vilevile chora akilini mstari kati ya mhusika na kile anachokitazama, ubaki upande mmoja wake, ndani ya nyuzi 180. Ukiuvuka, aliyekuwa akitazama kulia ataonekana anatazama kushoto. Ukingo wa fremu nao usipite kwenye magoti wala vifundo vya miguu.

Mwulizaji

Nashukuru sana. Je, pembe za kamera nizifanyie mazoezi pamoja na ukubwa wa shoti, au nizitenge?

Jibu la tatu

Zitenge kwanza. Tunafundishwa kwamba pembe ya chini (kamera ikimtazama mhusika kutoka chini) humpa nguvu na ya juu humdhoofisha, lakini maana hiyo hutegemea sana shoti zinazotangulia na kufuata. Lev Kuleshov, mtengenezaji filamu wa Urusi, anakumbukwa kwa jaribio la kuunganisha uso ule ule wa mwigizaji na sahani ya supu, kisha na jeneza, ambapo watazamaji wanasemekana kuona njaa katika uso mmoja na huzuni katika mwingine. Ujaribu mwenyewe: piga uso mtulivu wa rafiki yako, uuunganishe na barua, kisha na kiti kitupu.

Kabla ya kujaribu pembe za juu na za chini, hakikisha unaumudu usawa wa macho. Wanafunzi wengi huiacha stendi katika kimo chao wenyewe, kwa hiyo kila aliyeketi hupigwa kutoka juu bila mtu kukusudia. Rafiki yako anapoketi kusoma barua, ishushe stendi hadi lenzi ilingane na macho yake.